Kabla Hujachagua Kati ya /24 na /23: Ushauri kwa Wanaoanza Kazi ya Mitandao

Kijana akiletwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo, huwa namwuliza siku ya kwanza kama sabneti (kipande cha mtandao chenye fungu lake la anwani) iliyo kubwa ni /26 au /27. Wengi hujibu /27, kwa kuwa 27 ni zaidi ya 26, na jibu hilo halinishangazi, maana nami nililitoa nilipoulizwa. Namba inayofuata mkwaju haihesabu vifaa, bali inahesabu biti (tarakimu za 0 na 1) ambazo mtandao umekwisha kujichukulia katika zile 32 za anwani ya IPv4, yaani namba inayokitambulisha kifaa mtandaoni, na vifaa hugawana zinazobaki. Katika /26 zimebaki biti 6, yaani anwani 64. Katika /27 zimebaki 5, yaani anwani 32. Ukiongeza moja kwenye namba hiyo umelikata shamba nusu kwa nusu, na ukipunguza moja umelizidisha mara mbili, hivyo anayekumbuka kwamba /24 ni anwani 256 hana haja ya kubeba jedwali mfukoni.

Kutoka katika hesabu hiyo toa mbili, kwa sababu anwani ya kwanza ni jina la mtandao wenyewe na ya mwisho ni ya matangazo yanayopelekwa kwa vifaa vyote. Kwa hiyo /24 inakuachia 254, /27 inakuachia 30, na /30 inakuachia 2 tu kati ya 4. Hasara hiyo ya nusu nzima ndiyo iliyofanya matumizi ya /31 yakubaliwe mwaka 2000 kwa viungo vya ruta mbili (vifaa vinavyounganisha mitandao) zinazotazamana, ambako hakuna wa tatu wa kutangaziwa. Ukifanya kazi kwenye wingu la AWS, toa 5 badala ya 2, kwa kuwa huduma hiyo hujiwekea anwani tano katika kila sabneti; /28 ya pale, yenye anwani 16, inakubakishia 11.

Kosa la kawaida zaidi ni kuhesabu watu badala ya vifaa. Ofisi ya watu 25 inaonekana kutosha katika /27, mpaka ukumbuke kwamba kila mmoja ana kompyuta na simu, kwamba kuna printa, kamera na ruta yenyewe, na kwamba simu ya mgeni aliyeondoka saa tatu asubuhi bado imeshikilia anwani iliyopewa na seva ya DHCP, ile inayogawia vifaa anwani kwa muda, hadi muda wake uishe. Hapo hata /26 yenye nafasi 62 inabana, nami ningeanza na /25.

Jambo ambalo vitabu hulipitia haraka, nami nililipia kwa siku mbili za usumbufu, ni kwamba sabneti haina ukubwa peke yake. Ina pia mahali inapoanzia. Chuo kimoja nilichokihudumia kilikuwa na 192.168.1.0/24, na maabara mpya ya kompyuta ilipofunguliwa anwani zikaisha. Nilibadili maski ya ruta, ambayo ni namna nyingine ya kuandika namba ya mkwaju, kutoka 255.255.255.0 (/24) kuwa 255.255.254.0 (/23), nikiamini kwamba nimeunganisha fungu la 1 na la 2, kisha kompyuta za maabara nikaziandikia kwa mkono anwani kuanzia 192.168.2.10. Kompyuta ya kwanza ilinionya kwamba lango la kutokea, yaani anwani ya ruta, halimo katika mtandao wake, nami nikabofya kukubali nikidhani ni kelele za mashine. Intaneti haikupatikana maabara nzima.

Sababu ni kwamba /23 huanzia kwenye namba shufwa ya okteti ya tatu (okteti ni kila namba kati ya nukta za anwani, yenye biti 8), si popote upendapo: 0 huenda na 1, na 2 huenda na 3. Ziandike 1 na 2 kwa biti, yaani 00000001 na 00000010, utaona kwamba zinatofautiana hata katika biti ya saba kutoka kushoto, ambayo /23 imekwisha kuihesabu kuwa ya mtandao. Kwa hiyo ruta yangu ilikuwa inahudumia 192.168.0.0 hadi 192.168.1.255, na maabara ilikuwa ng'ambo ya ukuta. Niliihamishia 192.168.0.10 na kuendelea, ikafunguka.

Kesho yake printa ya ofisi ya mhasibu ikawa inachapa kazi za baadhi ya kompyuta na kuzikataa za nyingine. Nilibadilisha waya na kuizima na kuiwasha mara kadhaa kabla ya kufungua ukurasa wake wa mipangilio, ambako nilikuta bado ina maski ya zamani ya /24 na sehemu ya lango ikiwa tupu. Kompyuta yenye 192.168.0.77 iliiona printa kuwa jirani na kuipelekea kazi moja kwa moja, lakini printa iliiona kompyuta hiyo kuwa ya mtandao wa mbali, na kwa kuwa haikujua pa kutokea, haikuwa na njia ya kujibu.

Baada ya hayo unaweza kushawishika kumpa kila mtu /16 na kupumzika. Usifanye hivyo. Kila ulizo la ARP, yaani swali la kifaa "nani ana anwani hii?", hufika kwenye kila kifaa cha sabneti, na katika Wi-Fi matangazo hayo hula muda wa hewa ambao watu wangeutumia kufanya kazi. Tena swichi moja ikifungwa waya kwa mzunguko, jengo zima linalala badala ya ghorofa moja. Kwa ofisi za kawaida mimi huishia /23 nikibanwa sana.

Ninachofanya sasa ni kuiacha wazi nafasi ya jirani. Idara nikiipa 10.20.2.0/24, 10.20.3.0/24 naiandika kwenye daftari kuwa imeshikwa, ingawa haina hata kifaa kimoja. Idara ikijaa, hakuna anwani itakayohamishwa. Itabadilishwa maski tu, na nitaanza na printa.