Sampuli ya 384 haitoshi ukichagua watu kwa vijiji

Ndugu, nimekuelewa: unatafuta ni asilimia ngapi ya watu wana shinikizo la juu la damu katika vijiji 20, na fomula ya ukubwa wa sampuli (idadi ya watu wa kupima) imekupa 384. Hesabu ni sahihi, ila inachukulia kila mtu amechaguliwa peke yake kwa bahati nasibu. Watu wa kijiji kimoja hula chumvi ileile na kufanya kazi zilezile, hivyo vipimo vyao hufanana, na kila anayeongezwa huleta taarifa mpya kidogo; ndiyo maana unahitaji watu zaidi. Kama huna takwimu za awali za eneo hilo za kuonyesha wanafanana kiasi gani, zidisha 384 kwa 2: 768. Kisha fidia watakaokataa, tuseme 10%: gawanya kwa 0.9, upate 854. Wengi huzidisha kwa 1.1 na kupungukiwa.

Mwone mtakwimu sasa, kabla hujakusanya data. Baadaye hataweza kuiokoa. Kibali cha maadili ya utafiti kwanza. Na ambaye shinikizo lake litafika 180/120, hata akisema hajisikii vibaya, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.