Reggae kwenye boti mto Thames: ushauri wa mtu aliyewahi kuachwa gatini

Mara ya kwanza nilipokata tiketi ya boti ya reggae hapa London sikupanda. Nilifika gati la Westminster natembea zangu taratibu, tiketi imeandikwa saa moja jioni na saa yangu inasema saa moja na dakika nne, nikajisemea bendi yenyewe hata vyombo haijafunga, nani anaanza muziki kwa wakati. Kumbe boti sio ukumbi jamani. Nikaikuta ishajitoa mita kama kumi hivi, washkaji zangu wako deki ya juu wananipungia mikono huku wanacheka, besi inadunda, na hela hairudishwi. Kwahiyo ile saa ya kwenye tiketi ni saa ya boti kuondoka, wewe uwe pale nusu saa kabla.

Na ukishapanda hushuki. Ukumbini ukiboreka unaita teksi unasepa, huku ni masaa matatu au manne ya maji pande zote, hivyo mambo yako yote yaamue ukiwa bado nchi kavu, umekula nini, umevaa nini, umeenda na nani. Niliwahi kuona wapenzi wamenuniana kuanzia Tower Bridge mpaka Greenwich na kurudi, kila mmoja ameshika dirisha lake, nikawaonea huruma kwakweli.

Viatu sasa. Thames inapwa na kujaa kama bahari, tofauti ya maji inaweza kufika mita saba, na gati zenyewe zinaelea, kwahiyo maji yakiwa yamekupwa ile njia ya kushukia botini inakuwa mteremko mkali kama unashuka kisimani. Dada zangu visigino virefu hapana. Na sweta beba hata kama mchana ulikuwa wa joto, upepo wa mtoni hauna adabu.

Mimi napenda ya mwisho wa Juni inayoanza jioni, maana hapa kipindi hicho jua linazama saa tatu na dakika kama ishirini usiku, unapata mwanga na giza kwa tiketi moja. Ile wikendi ya kanivali ya Notting Hill mwisho wa Agosti naiacha, watu ni wengi mno.

Kuhusu muziki wenyewe. Bendi mara nyingi inakaa chini, ndani, dari fupi, na wageni wengi wanakosea hapo, wanakimbilia deki ya juu kupiga picha halafu wanalalamika hawajasikia kitu zaidi ya besi kupitia miguuni. Piga picha zako robo saa ya mwanzo basi ushuke, katafute alipo fundi mitambo wa sauti ukasimame karibu naye, maana anapanga sauti kwa masikio yake, pale alipo yeye ndipo muziki umenyooka. Ukisimama mbele ya spika kwenye kachumba kale utatoka huna masikio.

Halafu usitegemee Lucky Dube. Sisi tumekua na Lucky Dube na kina Justin Kalikawe wa Bukoba, mimi niliomba wimbo wa Dube kwa sauti kubwa kabisa na mpiga gitaa akaniangalia kama nimeomba taarabu. Hawa wanapiga sana lovers rock, reggae laini ya mapenzi iliyozaliwa hapahapa London miaka ya 1970 kwa watoto wa Wajamaika, na ukiizoea utaipenda. Wazee wa Kijamaika wanaicheza wawili wawili, wamesimama palepale hata hatua moja hawapigi. Mzee mmoja alinionyesha kwa kidole upande mto unakoelekea baharini, akasema wazazi wake walishukia huko Tilbury, bandari ileile ambako meli ya Windrush iliwashusha watu wa Karibi mwaka 1948. Kisha akarudi kucheza. Na kama boti yako inapanda upande wa Chelsea, ukifika daraja la Albert lile lenye taa nyingi, barabara inayotoka darajani pale ndiyo Oakley Street, Bob Marley aliishi nyumba namba 42 mwaka 1977.

Msosi, kuku wa jerk, yaani wa kuchoma wa Kijamaika, na wali wa maharage wa tui la nazi, yaani chakula cha kwetu kabisa ila pilipili zao ni kesi nyingine. Nunua kabla bendi haijapanda, baadaye foleni haisogei. Vya kutoka nje wanakunyang'anya mlangoni, vitumbua vyangu vilibaki gatini. Na bangi usijaribu, ni kosa kisheria hapa na mifuko wanapekua, rangi za bendera ya Rasta hazikusaidii.

Sasa hili ndilo ninalolirudia kila mara mpaka wenzangu wananiona mshamba. Mimi ni mtu wa Mwanza, nilikuwa mtoto MV Bukoba ilipozama Mei 1996, imejaza kupita kiasi, mamia ya watu wakafa na hadi leo idadi kamili ya waliokuwemo haijulikani. Na Thames nayo ina yake, usiku wa Agosti 1989 boti ya sherehe iitwayo Marchioness iligongwa na meli ya kuchimba mchanga, wakafa watu 51, baadaye mwaka 2002 ndio waokoaji wa RNLI, shirika la hisani la uokoaji majini, wakawekewa vituo mtoni hapo. Kwahiyo nikiingia naangalia kwanza kama kuna mtu mlangoni anahesabu abiria kwa kale kamashine ka kubonyeza, na wakianza kutangaza habari za usalama naacha stori nasikiliza, majaketi ya kujiokolea yako wapi, mlango wa kutokea upi. Dakika mbili tu, kisha naenda kucheza na roho imetulia.

Mwaka huu mdogo wangu anakuja kutoka Mwanza na ameshaniuliza kuhusu majaketi kabla hata ya kuuliza bendi gani. Nimemwambia nitamwonyesha yalipo, yeye abebe sweta, na tunaondoka nyumbani saa kumi na moja.