Maswali na majibu: Polimerasi ndani ya seli zetu

Kunakili DNA ni kazi moja. Kwa nini seli itumie polimerasi (vimeng'enya vinavyounda nyuzi za DNA au RNA) kadhaa?

Kwa sababu polimerasi ya DNA haiwezi kuanzisha uzi yenyewe. Huongeza tu nyukleotidi ("herufi" zinazounda DNA na RNA) kwenye ncha ya 3', yaani ncha ya uzi inayoweza kurefushwa, iliyokwisha kuwapo. Ncha hiyo huandaliwa na polimerasi alfa ikishirikiana na praimasi, kimeng'enya kinachounda RNA fupi ya kuanzia: kwanza RNA hiyo (kianzio) ya nyukleotidi kama 10, kisha DNA kama 20, halafu alfa inaondoka. Hapo PCNA, protini yenye umbo la pete, hufungwa kuizunguka DNA ili polimerasi inayofuata isidondoke njiani. Polimerasi epsilon huenda moja kwa moja, bila kukatiza, kwenye uzi unaotangulia. Uzi unaochelewa una mwelekeo wa kinyume, kwa hiyo polimerasi delta huutengeneza kwa vipande vya nyukleotidi 100 hadi 200. Ikikifikia kipande kilichotangulia, husukuma kianzio chake, kimeng'enya FEN1 hukikata, na kimeng'enya ligasi huunga vipande. Michoro ya shule yenye "polimerasi" moja tu inaficha haya yote.

Polimerasi ya DNA ikiweka herufi isiyo sahihi?

Hutokea takriban mara 1 katika 100,000. Delta na epsilon zina sehemu ya pili inayoondoa nyukleotidi isiyooana, na makosa hupungua karibu mara 100; mengi ya yanayosalia hurekebishwa baadaye na protini nyingine. Alfa haina sehemu hiyo. Sehemu hiyo ya epsilon ikiharibika kutokana na mabadiliko ya jeni POLE, makosa hurundikana, na hali hiyo huonekana katika baadhi ya saratani za utumbo mpana na za mji wa mimba.

Na polimerasi za RNA?

Kwenye kiini cha seli za wanyama ni tatu: I hutengeneza RNA kubwa za ribosomu (mitambo ya kutengeneza protini), II hutengeneza mRNA (nakala ya jeni inayosomwa na ribosomu), III hutengeneza tRNA (inayoleta asidi amino) na 5S, RNA ndogo ya ribosomu. Sumu ya uyoga Amanita phalloides huikwamisha II.

Rifampisini ya TB huzuia polimerasi ya RNA. Mbona seli zetu hazifi?

Hunasa kwenye polimerasi ya bakteria. Zetu za kwenye kiini zina umbo tofauti pale inaponasa. Si kila dawa ina bahati hiyo. Stavudini, ARV ya zamani, hupokewa pia na polimerasi gama inayonakili DNA ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Kwa kuwa haina OH ya 3', mahali ambapo nyukleotidi inayofuata huungwa, uzi hukomea hapo, DNA ya mitokondria hupungua, miguu hufa ganzi na mashavu hubonyea. Mwaka 2009 WHO ilishauri nchi ziiache. Tenofovir, iliyoshika nafasi yake katika nchi nyingi, gama huipokea kwa nadra sana.