Tembe zisizo na jina, shingo isiyotakata na maswali yenu mengine

Barua nyingi za mwezi huu zinaniuliza jambo moja: nimeze nini, nipake nini, nijifunge nini ili nifanane na fulani. Naanza na ile iliyojirudia kuliko zote.

Shikamoo shangazi. Niko Kondele, Kisumu, nina miaka 21. Kila nikienda nyumbani naambiwa nimekonda. Rafiki alinipa tembe za kunenepesha. Nameza mbili asubuhi na mbili usiku, na sasa ni wiki ya tano. Uso umejaa lakini mikono na miguu ni ileile. Niongeze?

Marahaba binti yangu. Usiongeze hata moja. Usiache kwa ghafla pia, soma kwanza hadi mwisho.

Tembe za namna hii, zinazofungwa kwenye karatasi bila jina, mara nyingi huwa ni dawa mbili zinazouzwa pamoja. Moja ni siproheptadini, dawa ya mzio. Inakupa usingizi na njaa, unakula zaidi, na siku ukiiacha kilo zinaondoka zilivyokuja. Nyingine ndiyo inayonitia hofu: deksamethasoni, ambayo ni steroidi, yaani dawa inayoiga homoni ya mwili. Hiyo haikujengei nyama popote. Inayeyusha misuli ya mikono na mapaja, kisha inarundika mafuta usoni, tumboni na nyuma ya shingo. Ndiyo maana uso wako umekuwa mviringo huku mikono ikibaki vijiti. Wakati huohuo inapandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa.

Tembe mbili tu za miligramu 0.5 zinapita kiasi cha homoni ya aina hiyo ambacho tezi zilizo juu ya figo zako hutengeneza kwa siku nzima. Tezi zikiona kazi inafanywa na tembe, zinalala. Baada ya wiki tatu hivi za kumeza, ukiacha siku moja, zinaweza kuwa bado zimelala. Hapo mtu hutapika, huishiwa nguvu, presha hushuka, huzirai, na wengine hufa. Kwa hiyo nenda hospitali kesho asubuhi, beba karatasi na tembe zilizobaki, sema umemeza ngapi na kwa siku ngapi. Daktari atakupunguzia hatua kwa hatua. Ukianza kutapika au kuona kizunguzungu kabla ya hapo, nenda usiku huohuo.

Sasa lile ambalo hukuuliza. Huku kwetu Nyanza neno “umekonda” lina historia yake. Kuna miaka mwembamba alinyooshewa kidole cha Ukimwi kabla hajasalimiwa, na hofu hiyo imebaki midomoni mwa mama zetu hata leo. Wanakutakia mema. Lakini mwenye kuuza tembe anaijua hofu hiyo, naye anaitoza pesa. Kama unataka uzito wa kweli, pima kwanza kama umepungukiwa. Kilo zako, gawanya kwa kimo chako kwa mita, kisha gawanya tena kwa kimo hichohicho. Msichana wa mita 1.62 mwenye kilo 50 anapata 19, na kwa mtu mzima 18.5 hadi 24.9 ni sawa. Ukiwa chini ya hapo, ongeza mlo mmoja kwa siku: uji wa wimbi wenye maziwa na karanga za kusaga, parachichi, mayai mawili, omena iliyokaangwa. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Kinachokuja kwa kasi kuliko hapo, jiulize kimetoka wapi.

Nina miaka 19. Natakiwa kuwa na kilo ngapi? – Nakuru

Kimo chako? Nimeomba mara nyingi: anayeuliza kilo aandike na kimo. Hesabu iko hapo juu.

Titi langu la kushoto ni kubwa kuliko la kulia. Nina kasoro?

Hapana, wengi wako hivyo. Titi lililobadilika juzi tu, au lenye uvimbe, ngozi iliyovutwa ndani au majimaji ya damu kwenye chuchu, hilo lionyeshe daktari.

Shangazi, shingo yangu ni nyeusi kuliko uso na haitakati. Nimesugua na jiwe la miguu, ndimu na magadi, ndiyo kwanza inazidi. Wenzangu chuoni wananiambia sijui kuoga. Nina miaka 22, mita 1.58, kilo 84. – Kakamega

Ahsante kwa kuandika kimo. Acha kusugua leo. Huo si uchafu. Pitisha kidole polepole: ngozi ni nene kidogo, laini kama kitambaa cha mahameli, na huenda makwapa na mapaja kwa ndani yako hivyohivyo. Hiyo ni dalili kwamba mwili unatoa insulini nyingi kupita kiasi ili kuishinda sukari, na insulini hiyo inachochea seli za ngozi kuzaana. Jiwe linaifanya ngozi ijikinge kwa kuwa nene zaidi. Ndimu ukiipaka kisha ukatoka juani inaunguza na kuacha madoa ambayo hukuwa nayo.

Kapime sukari kabla ya kula chochote asubuhi. Chini ya 5.6 mmol/L ni salama, 5.6 hadi 6.9 ni onyo, 7.0 na zaidi kwenye vipimo viwili ni kisukari. Kama hedhi inaruka miezi na una nywele kidevuni, mwambie daktari yote kwa pamoja, kwa sababu mara nyingi hayo huwa na chanzo kimoja. Kupunguza kilo 5 hadi 8 kwa miezi kadhaa huanza kuing’arisha shingo bila krimu yoyote. Anzia kwenye vinywaji: soda ya mililita 500 ina karibu gramu 50 za sukari. Kisha tembea kwa kasi nusu saa, siku 5 kwa wiki.

Nawaomba wanaomcheka mwenzao kuhusu shingo waelewe wanachokicheka. Wamemfanya apoteze muda akisugua ngozi, kumbe alihitaji kipimo cha sukari.

Nimetumia krimu ya kuchanganywa miezi 8, inatoka dukani kwenye kopo lisilo na maandishi. Uso umekuwa rangi ya thao, ila vifundo vya vidole vimebaki vyeusi na mashavu yana madoa ya bluu. Nipake ipi ya kusawazisha? – Nakuru

Hakuna ya kusawazisha. Ukiongeza krimu nyingine unalisha moto.

Madoa ya bluu-nyeusi mashavuni huletwa na haidrokwinoni, dawa ya kung’arisha ngozi, iliyotumika kwa muda mrefu, nayo ni magumu sana kuondoa. Kwenye kopo kama lako huwa pia kuna steroidi kali ya ngozi, klobetasoli, ambayo hufanya ngozi iwe nyembamba hadi mishipa ionekane, alama za michirizi zitokee na kidonda kichelewe kupona. Mbaya zaidi ni zebaki, inayopenya ngozi na kwenda kwenye figo. Kopo lenye lebo lisome: ukiona “mercury”, “calomel” au “mercurous chloride”, lisiingie nyumbani. Kopo lisilo na lebo halina hata cha kusoma.

Mwone daktari wa ngozi, kwa kuwa ukikatiza steroidi ya miezi 8 uso utawaka na kuwasha, na wengi hushindwa hapo wakarudi kwenye kopo. Mwombe akupime mkojo na presha. Ukiona mkojo una povu au uso na miguu inavimba, usisubiri. Kama una mtoto mchanga, usimshike na mikono yenye krimu hiyo, na mto unaolalia ubadilishe foronya. Wakati unasubiri daktari, tumia jeli ya kawaida ya petroli ya kujipaka (petroleum jelly) isiyo na manukato, kofia, na krimu ya kukinga jua ya kiwango cha 30.

Lupita Nyong’o, ambaye kwao ni hapa Kisumu, alisimama mbele ya watu Hollywood mwaka 2014 akaeleza jinsi alivyokuwa akimwomba Mungu aamke akiwa na ngozi nyeupe. Alisema hayo akiwa mtu mzima anayesifiwa uzuri dunia nzima. Nakuandikia hili ili ujue kwamba sala hiyo huombwa na wengi, na kuomba si kosa lako. Kosa ni la aliyekuuzia sumu.

Chai ya kupunguza tumbo kwa siku 7, inafanya kazi? Nina harusi ya dada.

Inakuharisha. Nyingi zina sena, inayosukuma utumbo mpana, wakati chakula chako kilishafyonzwa kwenye utumbo mdogo. Unachopoteza ni maji na chumvi za mwili, nayo yanarudi ukinywa glasi tatu. Ukizoea, choo hakiji bila chai. Shonesha gauni likutoshe.

Pua yangu kwenye picha ni kubwa, kwenye kioo ni ndogo. Ipi ndiyo ya kweli? – Kisumu

Ya kioo iko karibu zaidi na ukweli. Simu ikiwa sentimita 30 kutoka usoni, pua iko karibu mno na lenzi kuliko masikio, hivyo inaonekana pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka mita 1.5. Mpe mtu simu, asogee hatua mbili nyuma.

Mimi ni mama, naishi Vihiga. Binti yangu wa kidato cha pili anakula nasi kisha anakimbilia chooni na kufungulia maji. Hedhi imekosa miezi mitatu. Mume wangu anasema hayo ni maradhi ya Wazungu, tumpuuze.

Mama, msimpuuze. Mwonyeshe baba watoto hili: huko Nadroga, Fiji, mwili mnene ulipendwa kama unavyopendwa kwetu. Televisheni ilifika mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwauliza wasichana wa shule wakati huo kama kuna anayejitapisha ili apungue, hakupata hata mmoja. Mwaka 1998 akapata asilimia 11.3. Hao si Wazungu. Na binti yenu ana simu, siyo televisheni tu.

Tazama mikono yake. Sugu juu ya vifundo vya vidole hutokana na meno anapojitapisha. Kutapika kunamaliza potasiamu, na moyo unategemea potasiamu kupiga sawasawa. Kwanza hakikisheni hana mimba, bila makelele, kisha mpelekeni akapimwe damu na moyo. Akizirai, akitapika damu, au mapigo yakiwa chini ya 50 kwa dakika akiwa macho, mpeleke siku hiyohiyo. Hospitali za rufaa za Kakamega na Kisumu ziko karibu nanyi, na mkihitaji mshauri kwa simu, 1199 ya Msalaba Mwekundu hailipishwi.

Nyumbani, usimlazimishe sahani kubwa baada ya siku za njaa, inaweza kumdhuru. Kidogo mara tano au sita kwa siku, na kaa naye saa nzima baada ya kula mkiongea mambo mengine. Akitapika asukutue kwa maji, asipige mswaki kwa nusu saa, meno yanakuwa yamelainishwa na asidi. Usimwambie “umenona” wala “umekonda”, hata kwa kumsifu, na waombe shangazi zake vivyo hivyo kabla hawajaja Desemba. Mizani iliyo chumbani kwenu, itoe leo.