Rangi ya Kuta za Wodi

SWALI: Mimi ni muuguzi wa zahanati moja huku Mikindani, Mtwara. Tunapaka rangi upya, na fundi anashikilia nyeupe kila chumba, ati ndiyo ya hospitali. Je, ni kweli?

JIBU: Si lazima. Mwaka 1914 daktari mpasuaji Harry Sherman wa San Francisco, aliyechoshwa na mng'ao wa nyeupe, alipaka chumba cha upasuaji kijani cha spinachi. Jicho lililotazama damu kwa muda mrefu, likihamia ukuta mweupe, huona mabaka ya kijani, ilhali ukuta wa kijani huyameza. Wodini kwenu, jua linapopiga dirishani, nyeupe inayong'aa humuumiza macho aliyelala, hivyo krimu isiyong'aa inafaa zaidi. Njano iepukeni kwa watoto wachanga (fundi asiwashawishi), kwani mwakisiko wake huwatatiza mnapochunguza umanjano wa ngozi.