Panua Nini? Kunjua!

SWALI: Kwenye tovuti kuna menyu ambayo ukibofya kichwa, maelezo yanashuka chini yake, ukibofya tena, yanajificha. Pengine naona "panua", pengine "fungua". Lipi sahihi, na menyu yenyewe tuiiteje?

JIBU: Jina halina kesi. Imefananishwa na kodiani, ile ala ya muziki ambayo Cyrill Demian aliipatia hataza mjini Vienna mwaka 1829, yenye mivukuto inayokunjwa na kukunjuliwa. Iite menyu ya kodiani, au menyu ya mikunjo. Hili la pili linajieleza zaidi.

Kesi ninayo na "panua". Kupanua ni kuongeza upana. Unapanua barabara, unapanua mlango, hata biashara. Sasa itazame hiyo menyu ukiibofya: upana wake haubadiliki hata unywele. Kinachoongezeka ni urefu! Chukua karatasi iliyokunjwa mara nne, umpe mtoto umwambie, "Ipanue." Atakushangaa, kwa sababu anajua karatasi hukunjuliwa. Mtoto anajua, mbunifu hajui. Kiswahili kimetuwekea jozi tayari: kunja na kunjua, kama ziba na zibua, bandika na bandua. Kiambishi kimoja tu kinatengua kitendo. Aliyeshika "panua" hana jozi, ndiyo maana nimewahi kukuta kitufe kinachosema "Panua", na ukishakibofya kinageuka "Punguza". Punguza nini? Maelezo ni yaleyale, yamefichwa tu.

Baya zaidi ni "Bofya kupanua". Hiyo si sentensi, ni maneno mawili yaliyosimamishwa pamoja. Sema "Bofya ukunjue".

"Fungua" naivumilia, ina jozi yake. Ila humfanya msomaji atarajie ukurasa mpya, kumbe yuko palepale.

Na kwa kweli kichwa kizuri hakihitaji kitenzi hicho hata kidogo. Andika "Jinsi ya kubadili nywila", weka mshale pembeni, inatosha. Vichwa vitano vyote vikiitwa "Maelezo zaidi", msomaji atakunjua kimoja kimoja akitafuta sentensi moja, na asiyeona, anayesomewa na programu, atasikia "Maelezo zaidi" mara tano bila kujua kipi ni kipi. Na lile ambalo kila mtu lazima alisome, kama vile masharti ya malipo, usilikunje kabisa.