Maswali ya Wasomaji: Duka la Baiskeli Linapofungwa

Tangu toleo lililopita ligusie, kwa aya moja tu, habari za maduka huru ya baiskeli yanayofungwa, tumepokea barua nyingi kuliko tulivyotarajia. Tumechagua nne. Zinajibiwa na mwandishi wa safu hii, ambaye kabla ya kushika kalamu alishika spana kwa miaka mingi.

SWALI: Ndugu Mhariri, duka nililonunua baiskeli yangu ya kwanza, na baadaye za watoto wangu, limefungwa baada ya kuhudumia watu kwa zaidi ya miaka 30. Kinachonishangaza ni kwamba waendesha baiskeli ninaowaona barabarani ni wengi kuliko zamani. Inakuwaje biashara ife ilhali wateja wapo? Je, ni kweli kwamba mtandao ndio ulioyaua maduka haya?
Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana. Anayeondokewa na duka la namna hiyo hapotezi mahali pa kununulia bidhaa tu, bali humpoteza pia mtu aliyekuwa akiitambua baiskeli yake kwa sauti kabla haijafika mlangoni.

Mtandao una mkono wake katika jambo hili, lakini haukufanya kazi hiyo peke yake, na ushahidi ni kwamba wauzaji wakubwa wa mtandaoni nao wameanguka. Chain Reaction Cycles, iliyoanza mwaka 1985 kama duka dogo la kijijini huko Ireland ya Kaskazini, ikakua, ikaungana na Wiggle, muuzaji mwenzake wa mtandaoni, na kuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa baiskeli mtandaoni barani Ulaya, iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi mwezi Oktoba 2023. Nchini Marekani, Performance Bicycle, iliyokuwa na maduka zaidi ya 100, ilikuwa imeshayafunga yote mwaka 2019, kabla hata ya janga la korona. Ikiwa kampuni zenye maghala na mitaji ya namna hiyo zilishindwa kusimama, basi lazima tutafute sababu mahali pengine pia.

Mwaka 2020, watu walipoogopa kubanana katika mabasi na treni, baiskeli ziliuzika kama njugu. Viwanda vilizidiwa, na gia au breki zikawa za kusubiriwa kwa miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Mwenye duka aliyehitaji baiskeli 10 akaagiza 20, akitumaini kwamba angalau nusu zingefika. Kisha, kati ya mwaka 2022 na 2023, zikafika zote kwa pamoja, wakati wale waliozitaka walikuwa wameshanunua, wengine wamerudi kwenye usafiri wao wa kawaida, na riba za mikopo zinapanda. Watengenezaji, ambao nao walikuwa na maghala yaliyofurika, wakaanza kuuza kwa bei ya kutupa, mara nyingine chini ya ile waliyomtoza mwenye duka miezi michache nyuma. Nakumbuka kuingia katika duka moja wakati huo nikakuta maboksi yamepangwa hadi darini, na mwenyewe akipita kiubavu ili afike kwenye benchi lake la kazi. Kila boksi lilikuwa deni lenye tarehe ya kulipwa.

Tena aliyekuwa akimpa mwenye duka bidhaa amegeuka kuwa mshindani wake. Canyon ya Ujerumani imekua kwa kumuuzia mwendeshaji moja kwa moja bila kupitia dukani, na katika miaka ya karibuni Trek na Specialized, watengenezaji wakubwa wa Marekani, zimekuwa zikinunua maduka yaliyokuwa huru na kuyaendesha zenyewe. Vipuri navyo vimeongezeka aina kupita uwezo wa rafu ndogo. Upana wa habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, pekee unaweza kuwa milimita 135, 142 au 148, na beringi za krenki, ile mikono inayoshika pedali, zimekuwa za aina nyingi mno, kila moja ikidai zana yake. Duka dogo haliwezi kuweka kila kitu, kwa hiyo mteja anaambiwa asubiri, na akiwa anasubiri anafungua simu yake na kuagiza kwingine.

Hata hivyo, naona kwamba jeraha kubwa ni la zamani kuliko hayo yote. Kwa miaka mingi maduka yetu yaliificha gharama ya mikono ya fundi ndani ya bei ya baiskeli. Ulinunua baiskeli, ukakaziwa nati bure, ukanyooshewa rimu kwa pesa kidogo, ukapewa ushauri kwa nusu saa bila kulipa hata senti. Mpango huo ulikwenda vizuri maadamu baiskeli ilinunuliwa palepale. Baiskeli ilipohamia kwingine, mikono ilibaki dukani bila mtu wa kuilipa, na mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa mafundi walioona haya kutaja bei ya kazi yao.

SWALI: Nilinunua baiskeli mtandaoni ikaja ndani ya boksi. Nilipoipeleka kwa fundi wa mtaani aiunganishe, alinitoza pesa nyingi kuliko nilivyodhani na uso wake haukuwa na furaha. Je, alinitendea haki?
Mnunuzi wa mara ya kwanza

JIBU: Kwa pesa, ndiyo, kwa uso, hapana.

Baiskeli iliyomo ndani ya boksi haijawa baiskeli bado. Usukani umelazwa pembeni, gurudumu la mbele limefungwa kando ya fremu, na magurudumu yanahitaji kukaguliwa kama spoki zake zimekazwa sawasawa. Fundi mwaminifu huifungua hata sehemu inayoonekana kuwa tayari, kwa sababu akiiruhusu itoke mlangoni, jina lake limetoka nayo. Nimeletewa baiskeli ambazo uma wa mbele umewekwa kinyume, breki ikatazama nyuma, na mwenyewe amekuwa akiiendesha hivyo kwa wiki nzima. Kosa lingine ninalokutana nalo mara kwa mara ni la pedali ya kushoto. Nyuzi zake zimekatwa kinyume, hivyo hukazwa kwa kuizungusha upande ambao nati za kawaida hulegezwa. Asiyejua hilo huchukua spana ndefu akailazimisha kwa nguvu zake zote, na chuma kigumu cha pedali kinakula nyuzi laini za krenki ya aluminiamu hadi zinabaki kama unga unaong'aa kiganjani. Hapo krenki nzima imeharibika.

Kuhusu uso wake, sina la kumtetea. Maduka mengi yamewafukuza wateja kwa dharau, hasa wanawake na watu wanaoanza, halafu yakashangaa kwa nini watu wanapendelea kununua mahali wasikotazamwa. Mrudie fundi huyo mara moja zaidi, umuulize kabla ya kazi itagharimu kiasi gani na kwa nini. Akikujibu vizuri, umepata fundi wako.

SWALI: Shikamoo. Nina miaka 61 na duka langu la baiskeli linajiendesha kwa shida. Watoto wangu wana kazi zao. Nina kijana mmoja wa kazi ambaye mkono wake kwenye magurudumu umepita wangu. Sijui nifunge au nivumilie, na nikifunga sijui nianze na lipi.
Mwenye duka

JIBU: Marahaba, Bwana, nimeisoma barua yako mara tatu.

Kabla hujaamua, chukua daftari la mwaka mzima uligawe sehemu tatu: mapato ya baiskeli mpya, mapato ya vipuri na vifaa, na mapato ya kazi ya mikono. Katika kila sehemu toa gharama zake, ukikumbuka kuhesabu nafasi ambayo baiskeli zinakalia na riba ya pesa iliyolala ndani yake. Maduka mengi ambayo nimewahi kukaa na wenyewe kufanya hesabu hii yalikutwa hayana shida kwenye benchi la fundi, kwani shida yote ilikuwa sakafuni, katika zile baiskeli zinazong'aa ambazo mtengenezaji alidai ziagizwe miezi mingi kabla ya msimu ili duka libaki na haki ya kuziuza. Ikiwa hali yako ni hiyo, kuna njia kati ya kufunga na kuvumilia. Unaweza kuacha kuuza baiskeli mpya kabisa, uhamie sehemu ndogo yenye kodi nafuu, uwe karakana ya matengenezo na baiskeli zilizotumika zilizofufuliwa, ukipokea kazi kwa miadi na kuandika bei za kazi ukutani ambapo kila aingiaye atazisoma.

Bei hizo zisiwe za kuona haya. Mwezi Mei 2020 serikali ya Ufaransa ilianza kutoa msaada wa hadi euro 50 kwa kila baiskeli iliyopelekwa kwa fundi, na baiskeli zaidi ya milioni moja, zikiwemo zilizokuwa zimelala katika stoo na vyumba vya chini, zikatengenezwa. Kazi ilikuwepo muda wote. Ilihitaji mtu wa kumsukuma mwenye baiskeli aikumbuke, na jambo hilo hata karakana ndogo inaweza kulifanya kwa kumpigia mteja simu na kumwambia kwamba mnyororo aliowekewa mwaka jana sasa unahitaji kupimwa.

Baiskeli za umeme zitakujia upende usipende. Mifumo yake mingi ya mota na betri, kama ule wa kampuni ya Bosch, huhitaji kifaa cha uchunguzi ambacho hupewa wauzaji waliosajiliwa na kampuni, kwa hiyo chagua mfumo mmoja unaoonekana sana kwa wateja wako na ujifunze huo vizuri kuliko kugusa yote nusunusu. Betri iliyovunjika au kuvimba usiipokee ilale dukani.

Sasa huyo kijana. Umemtaja kwa sentensi moja, nami naona ndiye kiini cha barua yako. Je, umewahi kumuuliza kama analitaka duka? Wenye maduka wengi hudhani kwamba asiye na mtaji hawezi kununua, wakafunga, wakauza zana kwa mnada, na fundi wao akaenda kubeba mizigo ghalani. Anaweza kukulipa kidogo kidogo kutoka katika mapato ya kazi kwa miaka kadhaa, kwa mkataba ulioandikwa na kushuhudiwa, huku wewe ukija siku mbili kwa wiki. Kinachouzwa hapo ni zana, orodha ya wateja, namba ya simu na jina, na vyote hivyo vina thamani kubwa siku duka likiwa wazi kuliko siku baada ya kufungwa.

Ikiwa hata baada ya hayo ni lazima ufunge, tangaza mapema wakati bado una nguvu na akiba. Acha kwanza kupokea malipo ya awali ya bidhaa ambazo huna uhakika zitafika. Wapigie walioacha baiskeli zao kwako, mmoja mmoja, na kila anayekuja kuchukua yake mpe karatasi yenye vipimo vyake: urefu wa tandiko, aina ya mnyororo, tarehe breki zilipobadilishwa. Fundi atakayefuata atakushukuru. Na kile chombo chako cha kunyooshea rimu, tafadhali, usikiuze kwa mtu atakayekitundika ukutani kama pambo.

SWALI: Fundi wangu amefunga na aliyebaki yuko mbali. Ni yapi ninayoweza kuyafanya mwenyewe, na ni yapi nisiyaguse?
Mwendeshaji wa kila siku

JIBU: Upepo wa tairi, pancha, pedi za breki za rimu na usafi wa mnyororo ni kazi zako kuanzia leo. Ongeza moja zaidi, ambayo itakuokolea pesa nyingi: kupima mnyororo. Pingili 24 za mnyororo mpya, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, zina urefu wa milimita 304.8. Ukipima kwa rula ya chuma ukakuta umekaribia milimita 306.3, mnyororo umeongezeka kwa asilimia 0.5, na kwa baiskeli zenye gia 11 au 12 nyuma ni wakati wa kuubadilisha. Ukiuacha utakula meno ya gia, ambayo ni ghali zaidi.

Usiguse mafuta ya breki za haidroliki kama hujafundishwa, wala usikaze bolti yoyote kwenye fremu au usukani wa kaboni bila spana yenye kipimo cha nguvu. Bolti nyingi za usukani hazitaki zaidi ya nyutoni-mita 5 au 6 (kipimo cha nguvu ya kukazia), na mkono wa mtu mzima hupita hapo bila kuhisi.

Jambo la mwisho linahusu usalama wako. Mwezi Septemba 2023 Shimano, kampuni ya Japani inayotengeneza vipuri vya baiskeli, ilitangaza ukaguzi wa krenki za baiskeli za mbio za gia 11, za matoleo yake ya Ultegra na Dura-Ace, zilizotengenezwa Japani kati ya Juni 2012 na Juni 2019, kwa sababu vipande vilivyounganishwa kwa gundi vilikuwa vinaachana. Marekani peke yake zilihusika takriban 680,000, na waendeshaji waliambiwa wazipeleke kwa wauzaji waliosajiliwa zikaguliwe bila malipo. Ikiwa baiskeli yako ina krenki ya aina hiyo na haijawahi kukaguliwa, soma herufi mbili za tarehe zilizochapwa nyuma ya mkono wa krenki na uzilinganishe na orodha ya kampuni. Zikiwemo, au ukisikia mlio unapokanyaga, au ukiona mwanya mwembamba kama unywele mahali vipande vilipokutana, usiiendeshe hata kumfikia huyo fundi aliye mbali. Ipakie kwenye gari.